Kipimo cha haraka cha homa ya utitiri: hesabu siku za homa kabla ya kusoma mstari

Ukifungua kikasha cha kipimo cha haraka cha homa ya utitiri hukuti jambo geni. Kaseti nyeupe ya plastiki ndani ya kifuko cha alumini, pipeti ndogo, chupa ya bafa (kimiminika cha kusafirisha damu kwenye utepe), kijifuko cha kunyonya unyevu, na karatasi ya maelekezo yenye herufi ndogo mno. Tone la damu, matone machache ya bafa, dakika 15, mstari mmoja au miwili. Mhudumu wa zahanati aliyepima malaria kwa miaka atakishika mkononi na kukijua papo hapo, na hapo ndipo kosa linapoanzia.

Kipimo cha malaria humtafuta adui mwenyewe: protini inayotoka kwa vimelea vilivyomo kwenye damu. Hiki hakitafuti bakteria hata kidogo. Kinatafuta kingamwili, yaani kinga ambayo mwili umeiunda baada ya kuvamiwa, na kinga hiyo haiwi nyingi kiasi cha kuonekana mpaka homa ikaribie kumaliza wiki ya kwanza. Mgonjwa wa siku ya tatu anaweza kuwa amejaa bakteria, na kaseti ikabaki na mstari wa C, ule wa udhibiti, peke yake. Kaseti haijadanganya, kwa maana kingamwili kweli hakuna. Hatari iko kwenye uamuzi wa kumrudisha mgonjwa nyumbani mikono mitupu kwa sababu ya mstari huo mmoja.

Tathmini hii inahusu aina nzima ya kaseti hizi zinazotumika vijijini Asia, si chapa moja. Zinatofautiana kwa mambo madogo: nyingine zinatafuta IgM pekee, yaani kingamwili za mwanzo, nyingine zinakusanya aina tatu za kingamwili, IgM, IgG na IgA, kwenye mstari mmoja, nyingine zinakubali damu nzima na nyingine zinadai seramu, yaani maji ya damu yasiyo na chembe. Ubora na udhaifu wake mkubwa ni wa pamoja.

Homa yenyewe, kwa ufupi

Kwenye vikasha utakuta imeandikwa Scrub Typhus au Tsutsugamushi. Kwa Kiswahili tuiite homa ya utitiri, au taifasi ya vichakani, na tusiichanganye na taifodi ambayo ni homa ya matumbo. Majina yanafanana, magonjwa hayafanani, na dawa inayotibu moja inaweza isiiguse nyingine. Bakteria wake ni Orientia tsutsugamushi. Anayemwambukiza binadamu ni kiluwiluwi wa utitiri wa jamii ya Leptotrombidium, mwenye miguu sita na ukubwa wa kama sehemu ya tano ya milimita. Si kupe, wala si utitiri wa banda la kuku. Kiluwiluwi huyu hula mara moja tu. Hujibandika kwenye ngozi, huyeyusha tishu kwa mate yake, hufyonza majimaji hayo, kisha hudondoka. Utitiri jike huwarithisha watoto wake bakteria kupitia mayai, ndiyo maana kichaka kimoja kando ya shamba kinaweza kubaki na hatari mwaka baada ya mwaka, huku kichaka cha jirani kikiwa salama.

Makao makuu ya ugonjwa huu ni eneo kubwa la pembetatu linaloanzia Pakistani, linapanda hadi Japani na mashariki ya mbali ya Urusi, na kushuka hadi kaskazini mwa Australia. Katikati yake wamo India, Nepali, Myanmar, Thailand, Laos, Vietnam, China, Korea Kusini na Indonesia. Makadirio yanayotumika sana ni ya wagonjwa milioni 1 kwa mwaka. Msomaji wa Afrika Mashariki asidhani kwamba habari hii iko mbali naye. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ikiwa na askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, ilipita Bonde la Kabaw huko Burma (Myanmar ya leo), mahali palipojulikana kwa malaria na kwa homa hiihii, wakati ambapo dawa ya kuiponya haikuwapo. Kloramfenikoli ilikuja kuthibitishwa huko Malaya mwaka 1948.

Homa huanza siku 6 hadi 21 baada ya kuumwa, mara nyingi karibu na siku ya kumi. Kichwa kinauma vibaya, misuli inauma, macho yanakuwa mekundu, tezi zinavimba. Wiki ya pili ndiyo ya hatari: mapafu, figo, ini na ubongo vinaweza kuguswa, na wapo wanaopoteza usikivu wa masikio. Huko Gorakhpur, kaskazini mwa India, ambako watoto walikuwa wakifa kwa uvimbe wa ubongo kila msimu wa mvua, uchunguzi ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya wagonjwa hao walikuwa na homa ya utitiri. Dawa inayoitibu ni vidonge vya bei nafuu vilivyomo karibu kila zahanati, na hilo ndilo linalofanya suala la kipimo kuwa zito kiasi hiki.

Ndani ya kaseti

Chini ya plastiki kuna utepe wa nitroselulosi. Upande wa sampuli kuna pedi yenye chembe za dhahabu zilizotengenezwa kwa udogo wa ajabu. Hizo ndizo zinazotoa rangi ya zambarau nyekundu unayoiona. Kwenye mstari wa T, yaani mstari wa jibu, au kwenye chembe hizo, huwekwa protini za Orientia zilizotengenezwa maabara, aghalabu ile protini ya ganda la nje yenye uzito wa kilodaltoni 56. Protini hiyo inatofautiana sana kati ya aina moja ya bakteria na nyingine. Kwa hiyo watengenezaji huchanganya aina za zamani zinazojulikana, Karp, Kato na Gilliam, na wengine huongeza za kwao. Gilliam na Karp zilipatikana miaka ya Vita Kuu ya Pili, na Kato ni ya Japani. Kaseti iliyojengwa juu ya aina hizo inaweza kufanya vizuri mkoa mmoja na kulegea mkoa mwingine ambako bakteria wa mahali pale ana sura tofauti. Ukisoma kwenye kikasha kwamba kipimo kina usahihi wa hali ya juu, uliza kwanza kilijaribiwa wapi na kwa wagonjwa wa siku ya ngapi.

Mstari wa C nao unaeleweka vibaya. Watu huuchukulia kama muhuri kwamba kipimo kimefanyika sawasawa. Kwa kaseti nyingi C hutokea hata ukiweka bafa tupu bila damu, kwa sababu kazi yake ni kuonyesha kwamba kimiminika kimesafiri na chembe za rangi ziko hai. Haukwambii kwamba damu ilitosha. Pipeti iliyovuta hewa badala ya damu itakupa C iliyonyooka, nzuri, na T isiyokuwapo.

Kupima bila kuharibu

Kifuko kisifunguliwe mpaka mgonjwa ameketi na kila kitu kiko mezani. Vikasha vingi vya aina hii huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 30 za Selsiasi. Kama kilikuwa kwenye friji, kiache mezani kifikie joto la chumba kikiwa bado kimefungwa, la sivyo unyevu wa hewa utageuka matone juu ya utepe baridi na mtiririko utakwama. Ukifungua, angalia kijifuko cha kunyonya unyevu: kama chembe zake ni za aina inayobadili rangi, na zimebadilika, tupa kaseti hiyo. Andika jina na saa juu ya plastiki kabla ya kumtoboa mgonjwa.

Toboa pembeni mwa ncha ya kidole cha kati au cha pete, baada ya spiriti kukauka kabisa. Spiriti iliyobaki hupasua chembe nyekundu za damu, na rangi iliyovuja hufanya dirisha la matokeo kuwa jekundu kiasi kwamba mstari hafifu unafichika. Futa tone la kwanza kwa pamba kavu. Sasa pipeti. Kaseti nyingi zinahitaji maikrolita 10 hadi 20 tu za damu nzima, na chini ya hapo kwa seramu, lakini kiasi sahihi ni kile cha karatasi ya kikasha hichohicho, si cha kikasha cha mwaka jana. Minya pipeti kabla hujaigusisha kwenye damu, iachie polepole mpaka damu ifike kwenye alama, itazame kwa usawa wa macho. Mtu anayeminya pipeti ikiwa tayari ndani ya tone atavuta mapovu.

Damu ikizidi, utepe hautasafika kwa wakati. Utakaa na wekundu mpaka dakika 30 na utashawishika kusoma ukiwa umechelewa. Damu ikipungua, mstari wa T unafifia au haupo.

Baada ya damu kuzama kwenye kitundu, weka bafa. Chupa ishikwe wima kabisa, ncha ikitazama chini, bila kugusa plastiki. Ukiilaza, matone yanabadilika ukubwa na matone matatu hayawi tena matatu. Povu likitoka mdomoni mwa chupa, hilo si tone, lifute uanze kuhesabu upya. Bafa isibadilishwe na ya kikasha kingine. Kosa hili hutokea sana kwenye zahanati inayopima malaria na homa hii siku moja: chupa zinafanana, ya upande mmoja imeisha, mtu anachukua ya jirani. Bafa ya kigeni, maji ya bomba au maji ya dripu yanaweza kuleta mstari wa uongo, kwa sababu chumvi na sabuni zilizomo kwenye bafa ndizo zinazozuia protini kunata pasipostahili. Funga chupa kwenye kikasha chake kwa mpira wa noti kama huna njia nyingine.

Washa saa ya kuhesabu dakika. Usikadirie. Karatasi nyingi zinasema dakika 15, na zinakataza kusoma baada ya 20 au 30. Utepe unapokauka, kimiminika kilichobaki hurudi nyuma na kinaweza kuacha kivuli mahali pa T. Kivuli hicho si jibu. Usipange kaseti zaidi ya nne kwa wakati mmoja ukiwa peke yako, maana ya tano utaisoma kwa kuchelewa.

Kusoma nako kunataka mwanga. Kwenye vibanda vya mianzi vya milimani Laos au zahanati isiyo na dirisha popote pale, mstari hafifu hauonekani. Sogea mlangoni, ielekeze kaseti kwenye mwanga wa pembeni, isiwe juani moja kwa moja. Mstari wa T ukionekana, hata kama ni wa rangi ya maji ya waridi, karatasi inasema ni chanya, na watu wawili wausome bila kuambiana. Picha ya simu ipigwe dakika ileile ya kusoma, jina na saa zikionekana. Msimamizi wa wilaya atakaposahihisha, picha ya kaseti iliyokauka jana haimsaidii.

Majibu yana uzito gani

Hapa ndipo tathmini nyingi zinapokimbilia asilimia na kumwacha mhudumu hewani. Tuchukue kaseti inayowanasa wagonjwa 66 kati ya 100 walio na homa hii, na kuwapa jibu hasi 92 kati ya 100 wasio nayo. Namba hizo ziko karibu na wastani uliopatikana pale tafiti za kaseti hizi zilipounganishwa pamoja, na nyuma ya wastani huo kuna tafauti kubwa kati ya utafiti na utafiti.

Msimu wa mvua kwenye kijiji chenye ugonjwa mwingi, tuseme kati ya wagonjwa 100 wa homa isiyo malaria, 20 wana homa ya utitiri. Kaseti itawanasa 13 na kuwakosa 7. Kati ya 80 wasio nayo, itawapa mstari wa uongo 6 hivi. Wenye mistari miwili ni 19, na wa kweli ni 13. Si mbaya. Sasa nenda mahali ambapo wenye homa hii ni 5 tu kati ya 100. Kaseti inawanasa 3, na kuwapa mstari wa uongo karibu 8 wasio nayo. Wenye mistari miwili ni 11, wa kweli ni 3. Kaseti ni ileile, mhudumu ni yuleyule, na maana ya mstari imegeuka.

Mistari ya uongo ina sababu zake. IgM ya homa hii inaweza kukaa mwilini miezi kadhaa, kwa wengine ikakaribia mwaka, hivyo mkulima aliyeugua akapona msimu uliopita anaweza kuja na dengi leo na kaseti ikawaka kwa ugonjwa wa zamani. Dengi, leptospirosi (homa ya mgunda) na malaria nazo huweza kuchochea kingamwili zinazonata pasipo pake, na baadhi ya wenye baridi yabisi wana kingamwili zinazovuruga vipimo vya IgM vya kila aina. Upande wa pili, aliyewahi kuugua zamani akaambukizwa tena anaweza kutoa IgG nyingi na IgM kidogo. Kaseti ya IgM pekee itampita. Na aliyemeza doksisaiklini mapema, labda kutoka duka la dawa, anaweza kuchelewa kutoa kingamwili.

Kwa hiyo jibu hasi la siku ya tatu libaki wazi. Likirudiwa kwa kaseti mpya siku ya nane hadi ya kumi likawa hasi tena, hapo lina uzito. Maabara zinazotaka uthibitisho wa kweli hupima sampuli mbili, ya kwanza siku ya kuja na ya pili baada ya siku 10 hadi 14, na kuangalia kama kiwango kimepanda mara nne.

Ukikilinganisha na vingine

Kipimo cha Weil-Felix cha OX-K bado kipo kwenye hospitali nyingi za wilaya huko India. Ni cha bei ndogo, hakihitaji mashine, na kinatumia bakteria wa Proteus, wa aina hiyo ya OX-K, ambaye kwa bahati tu ana kitu kinachonasa kingamwili za homa hii. Kinawakosa wagonjwa wengi mno. Kwa wanaojua jinsi kipimo cha Widal kilivyotusumbua huku kwetu kwenye taifodi, Weil-Felix ni ndugu yake. Kati ya hicho na kaseti, chukua kaseti.

ELISA ya IgM, kipimo cha kingamwili cha maabara, inapima bora kuliko kaseti, lakini inataka sahani yenye vishimo 96, mashine ya kusoma rangi, umeme usiokatika na sampuli za kutosha kujaza sahani. Mgonjwa wa kijijini atapata majibu akiwa amepona au amezikwa. Isitoshe, kiwango cha kukatia kati ya chanya na hasi lazima kipangwe kwa kila eneo, kwa sababu watu wa vijiji vyenye ugonjwa mwingi wana kingamwili za msingi hata wakiwa wazima. Darubini ya kingamwili zinazong'aa ndiyo inayohesabiwa kuwa kipimo cha rejea, na inategemea jicho la msomaji kiasi kwamba maabara mbili zinaweza kutofautiana. PCR, yaani kipimo cha vinasaba, ndiyo inayofaa siku za mwanzo, kwani inatafuta bakteria, na inafaa zaidi ikipewa kigaga cha kidonda kuliko damu.

Kigaga hicho kinastahili maneno mengi kuliko kaseti yenyewe, kwa kuwa kukitafuta hakugharimu senti. Pale kiluwiluwi alipouma hutokea kipele, kikapasuka, kikafunikwa na gamba jeusi lenye ukingo mwekundu, mfano wa ngozi iliyochomwa na sigara. Hakiumi, hakiwashi, kwa hiyo mgonjwa hajui kama anacho na hatakitaja. Kinakaa sehemu ambazo nguo inabana au ngozi imekunjana: kinenani, kwapani, chini ya titi, kiunoni kwenye mkanda, nyuma ya goti, ndani ya kitovu, nyuma ya sikio, katikati ya nywele, na kwa watoto hata sehemu za siri. Kwenye mikunjo yenye jasho gamba jeusi halijengeki. Unaona kidonda kidogo cha juujuu, chenye unyevu, rangi ya njano iliyochujuka. Kwenye ngozi nyeusi ule ukingo mwekundu haujitokezi sana, na ni rahisi kukipita. Mgonjwa avuliwe nguo kwa heshima, kwenye faragha, mhudumu wa jinsia yake akiwapo, na kurunzi iwake. Si kila mgonjwa anacho. Lakini homa ya siku tano, malaria hasi na kigaga cha namna hiyo kwa mtu wa eneo lenye ugonjwa vinatosha kuanza dawa hata kaseti zikiwa zimeisha. Kipande cha kigaga, au pamba iliyozungushwa kwa nguvu juu ya kidonda, kikipelekwa maabara kwa ajili ya PCR kinaweza kuonyesha bakteria hata siku chache baada ya dawa kuanza.

Dawa haisubiri mistari

Mtu mzima hupewa doksisaiklini miligramu 100 mara mbili kwa siku, kwa siku 7. Kwa mjamzito huchaguliwa azithromaisini. Kwa wagonjwa mahututi, utafiti mkubwa uliofanywa katika hospitali za India na kuchapishwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba kuzichanganya hizo mbili kwa njia ya mshipa kunafanya vizuri kuliko kutoa moja. Penisilini haifanyi kitu hapa. Seftriaksoni, ile sindano inayopendwa kila mahali kwa homa isiyojulikana, nayo haifanyi kitu, kwa sababu bakteria huyu anaishi ndani ya seli, mahali ambapo dawa za kundi hilo hazimdhuru. Mgonjwa anayechomwa seftriaksoni siku ya tano huku kaseti hasi ikiwa kwenye faili anasonga kuelekea wiki ya pili bila tiba. Homa ya utitiri ikipata dawa yake mara nyingi hushuka ndani ya saa 48. Isiposhuka, tafuta ugonjwa mwingine, kaseti iwe imesema nini.

Nani akinunue

Hospitali za wilaya na vituo vya afya vya maeneo ambako ugonjwa umethibitishwa, kama kaskazini mwa Thailand, Laos, vilima vya Nepali na majimbo mengi ya India, wakinunue. Ni kifaa kizuri kwa mgonjwa aliyefika kuanzia siku ya sita au ya saba, na kwa maeneo yenye wagonjwa waliochelewa hao ndio wengi. Kabla ya kikasha kipya kwenda vijijini, wilaya ipime kaseti mbili tatu kwa seramu inayojulikana kuwa chanya na inayojulikana kuwa hasi. Msafara wa pikipiki usibebe vikasha kwenye sanduku jeusi juani. Pale joto la chumba linapopita nyuzi 30, chungu cha udongo kilichozungushiwa mchanga uliolowa kinasaidia, mradi vikasha viwe ndani ya mfuko usioingiza maji. Visigandishwe.

Wahudumu wa ngazi ya jamii wapewe kwa sharti moja: wawe na doksisaiklini na ruhusa ya kuianzisha. Kaseti bila dawa mkononi inaongeza safari tu.

Kwa Afrika Mashariki na Ghuba, jibu letu ni tofauti. Mwaka 2006 mtalii aliyetoka Dubai alikutwa na jamaa wa karibu wa bakteria huyu, akapewa jina Orientia chuto. Kenya, watafiti wamekuta kingamwili kwa baadhi ya wagonjwa wa homa, na vinasaba vya Orientia kwenye utitiri. Kwa hiyo mlango haujafungwa. Lakini kaseti zilizojengwa kwa Karp, Kato na Gilliam hazijathibitishwa kwa bakteria wa kwetu, na ile hesabu ya 3 kati ya 11 inaweza kuwa mbaya zaidi hapa. Zahanati za Kenya na Tanzania zisizinunue kwa matumizi ya kila siku. Maabara za utafiti zizitumie sambamba na PCR. Kwa daktari wa Mombasa au Dar es Salaam anayempokea mwanafunzi au mgonjwa aliyerudi kutoka India na homa, malaria hasi, ndani ya wiki tatu tangu aondoke vijijini huko, swali la kichaka na msako wa kigaga vitamfikisha mbali kuliko kaseti.

Wanaonunua wachore safu tano kwenye daftari la maabara, pembeni ya jibu: siku ya homa, kigaga kipo au hakipo, dawa alizokwishameza, saa ya kuweka bafa na saa ya kusoma, na namba ya toleo la kikasha. Safu ya kwanza ikiwa tupu, jibu lisisomwe na daktari; daftari lirudi kwa mgonjwa aulizwe homa ilianza lini, kwa kuhesabu siku za soko au za ibada ikiwa tarehe hazikumbuki.